Siku sita Pemba nikitafuta risiti

Siku ya kwanza, Jumapili. Bandari ya Malindi, Unguja, hadi Mkoani

Ndani ya begi langu mna kanga mbili, buibui la akiba, tochi, na faili la samawati lenye orodha ya matumizi 41 yasiyo na risiti. Jumla ni shilingi 1,864,000. Hiyo orodha ndiyo inayonipeleka Pemba.

Mie ni mtu wa hesabu. Sina ofisi; jumuiya ndogondogo huniita mradi unapokaribia kufungwa ili niwapangie vitabu vyao. Safari hii walioniita ni kikundi cha wanawake wakulima wa mwani kaskazini ya Pemba, waliopata ruzuku ya mwaka mmoja kutoka kwa wakfu wa familia moja ya Marekani. Nasema wakfu kwa sababu sijaona neno lililo karibu zaidi. Sisi wakfu tunaujua: mtu anaweka shamba au nyumba, mali yenyewe haiuzwi, kinacholiwa ni mazao yake, na mjini iko Kamisheni ya kusimamia. Wao nao huweka mtaji, wakauzungusha kwenye hisa na majengo, na sheria yao inawataka watoe takriban asilimia 5 ya thamani ya mali hiyo kila mwaka. Tofauti ni kwamba babu aliyeiwekea minazi yake wakfu msikiti wa mtaani hakumwomba imamu risiti ya mafuta ya taa.

Mpaka Nungwi bahari ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini. Tulipotoka kwenye kinga ya Unguja, upepo wa kusi ukatushika, na mabaharia wakaanza kupita na mifuko. Bi mmoja wa Wete aliyekaa kiti cha pili akanikatia kipande cha ndimu. "Nusa, mwanangu, wala usitazame dirishani." Nikanusa. Akaniuliza nafuata nini Pemba, nikamwambia nafuata risiti. Akacheka mpaka ile ndimu akaihitaji mwenyewe.

Kutoka Mkoani nimepanda gari ya 603 hadi Chake. Njia nzima karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, mbele ya nyumba, pembeni mwa barabara, hata kwenye kona ya uwanja wa mpira, na watoto wanacheza wakizikwepa. Nimelala kwa shangazi. Wali, mchuzi wa pweza, na maswali kuhusu lini nitaolewa tena.

Siku ya pili, Jumatatu. Chake Chake na Wawi

Nimeanzia palipo rahisi. Kikundi kinatengeneza sabuni ya mwani, na ndani yake kinatia mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yanayotengenezwa pale Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo. Karani kafungua jalada, kapekua, kanitolea nakala. Dakika kumi. Nikafuta mstari mmoja kwenye orodha, nikajiona bingwa.

Ubingwa uliishia kwenye duka la vifaa vya uvuvi. Mwenyewe anawakumbuka vizuri. "Wale walionipimisha kamba mita kwa mita, halafu wakarudia kuipima wao kwa mikono?" Hao hao. Risiti hakuwapa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika siku ile, na wao walikuwa na dau linawasubiri. Akachukua kitabu cha risiti za mkono akaniandikia moja ya tarehe ya leo. Nikamwambia haifai, kamba zilinunuliwa miezi tisa nyuma. Akaichana, akaandika nyingine ya tarehe ile ya zamani. Nikamwambia hiyo ndiyo haifai kabisa, huo ni uongo ulioandikwa kwa kalamu nzuri. Akanitazama sana. "Sasa dada, unataka ya leo au ya jana?" Mwishowe kaniandikia barua: mie fulani, niliwauzia wanawake fulani, kamba kiasi fulani, mwezi fulani, na leo nathibitisha. Akagonga muhuri wa duka mara tatu, akidhani mihuri mingi ina nguvu zaidi.

Hapa lazima niseme kwa nini watu wa mbali wanahangaika hivi, maana kwenye baraza huwa tunawasema tu. Mwaka 1969 Marekani ilibadilisha sheria yake ya kodi kwa sababu baadhi ya matajiri walikuwa wakiweka mali kwenye wakfu wa familia ili wakwepe kodi, na sadaka yenyewe haionekani. Tangu hapo, wakfu wa namna hiyo ukitaka kutoa pesa kwa kikundi cha nje kisichotambulika kwao kuwa ni cha hisani, unabeba wajibu wa kuifuatilia: uwachunguze watu kabla ya kuwapa, uandikiane nao mkataba, upokee taarifa za matumizi, kisha nawe uripoti kwa mamlaka ya kodi. Usipofanya, unatozwa kodi wewe. Kwa hiyo msichana anayenitumia barua pepe kutoka huko ana mtu nyuma yake anayemuuliza, na huyo naye anaulizwa na mwingine. Mnyororo unaishia kwa nahodha wa dau Micheweni ambaye hajawahi kumiliki kalamu.

Siku ya tatu, Jumanne. Micheweni

Ratiba niliyoiandika nyumbani ilisema: saa nne asubuhi, kikao na wanakikundi. Nimefika saa nne kasoro robo. Kijiji kitupu. Mzee mmoja aliyekuwa barazani anatia viraka jarife kanitazama kama mtu aliyekuja kuswali Ijumaa siku ya Jumanne.

"Leo bamvua, mwanangu. Wote wako pwani."

Mtu aliyezaliwa kisiwani, tena mwanamke, kupanga kikao saa nne asubuhi siku ya bamvua! Marehemu bibi yangu angenifinya.

Nikavua viatu, nikakunja buibui, nikawafuata. Maji yametoka mbali sana, na wanawake wameenea huko kama karafuu juu ya jamvi, kila mmoja kwenye shamba lake: safu za vijiti, kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa tai-tai, vile vikamba vyembamba. Nilipowakaribia, sauti ikanipokea kabla ya salamu. "Tazama unapokanyaga, huo mwani wangu!" Ndiye mshika fedha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anafunga fundo, akanipa kamba niishike upande wa pili. Kikao kikaanza hivyo hivyo, maji ya magoti.

"Mama, hivi vijiti mmeandika 3,000. Risiti yake iko wapi?"

"Vijiti wanatukatia vijana maweni kule. Nikadai risiti kwa nani, kwa kichaka?"

Zao hili lilianza kulimwa kwa biashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakati ule wanaume walilidharau, wakaliita kazi ya wanawake, na mpaka leo wakulima wengi sana ni wanawake. Aina ni mbili. Spinosamu ni ngumu kufa ila bei yake ndogo. Kotonii ndiyo yenye pesa, kwa sababu karajinani yake, ule utomvu unaogandisha, ndio viwanda vya nje vinaupenda zaidi. Unaingia kwenye dawa za meno, aiskrimu na vitu vingine ambavyo hawa mama hawajawahi kuviweka mdomoni. Lakini kotonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yakichemka wakati wa kaskazi, inapauka, inakatika vipande, inaondoka na mkondo. Unguja imekwisha karibu yote. Pemba bado inapatikana, na hata hapa inazidi kusogea kwenye maji baridi, ambako mwanamke asiyejua kuogelea hafiki.

Ruzuku iliombwa kwa ajili ya hilo: kamba za kuelea kwenye maji ya kina, magunia ya mchanga yawe nanga, chupa tupu ziwe maboya, mafunzo ya kuogelea, dau la kukodi, na kando yake sabuni, ili mwani mwingine usiuzwe mkavu tu kwa wanunuzi wanaoupeleka Ulaya na Uchina. Nilipowauliza kipi kimewafaa zaidi, nilitarajia waseme sabuni, maana ndiyo inayopigwa picha. Bi mwenyekiti akajibu bila kufikiri: "Kuogelea." Ana miaka hamsini na kitu. "Nimeishi na hii bahari maisha yangu yote nikiwa naiogopa. Sasa inaniogopa yeye." Wenzake wakacheka, mmoja akasema bahari ikimwona Bi mwenyekiti anakuja inajiondokea yenyewe, ndiyo maana kuna bamvua.

Maji yalipoanza kujaa tukatoka. Baada ya adhuhuri, chini ya mwembe, ndipo lilipotoka daftari.

Lilikuwa limefungwa ndani ya kanga, na kanga ndani ya ndoo yenye kifuniko. Daftari la skuli, la mistari, jalada limebadilishwa kwa kadibodi. Ukurasa mmoja kwa siku moja ya malipo: tarehe, kitu, kiasi, jina la aliyepokea, na alama ya dole gumba. Wino wa stempu, zambarau. Mashahidi wawili, nao madole yao. Nilifungua nikidhani nitakuta mambo ya kubahatisha, na mie nimekuta kitabu ambacho ningependa wateja wangu wa mjini wakione. Nahodha wa dau peke yake yuko kwenye kurasa 11. Dole lake lina kovu la kukatwa na mshipi, mstari mweupe uliopinda, na huo mstari uko kwenye kurasa zote 11, hata zile mbili ambazo wino ulikuwa umekaribia kukauka. Nani ataughushi? Risiti nyingi za mashine nilizonazo nyumbani zimefutika zote, karatasi nyeupe tupu. Hili dole litadumu.

Nikajumlisha, kisha nikarudia. Daftari linasema 1,871,500. Orodha yangu inasema 1,864,000. Tofauti ni 7,500, tena daftari ndilo lililozidi.

"Hiyo ya kwangu," akasema mshika fedha, kama mtu aliyekamatwa na kosa. "Siku ile bahari ilichafuka, tukarudi njiani. Nahodha tukampa nusu siku, haki yake. Kwenye bajeti hamkuweka bahari kuchafuka, ndo nikatoa mfukoni."

Hakuidai. Aliiandika tu, kwa sababu pesa ilitoka.

Siku ya nne, Jumatano. Micheweni bado

Mvua tangu alfajiri, na sijui imetoka wapi mwezi huu. Nimekaa ndani ya nyumba ya Bi mwenyekiti napiga picha kurasa za daftari moja moja. Simu imekwisha chaji nikiwa ukurasa wa 38. Umeme wa nguzo haujafika upande ule wa kijiji, lakini jirani ana sola, na aliyeifunga na anayeitengeneza ikiharibika ni mwanamke, amesomea Kinyasini kule Unguja kwenye chuo cha Barefoot College kilichofunguliwa 2015. Wanachukua kina mama wa vijijini, hata wasiosoma, wanakaa miezi kadhaa wakijifunza kwa rangi na kwa mikono. Wazo ni la Tilonia, Rajasthan, ambako chuo mama kilianza mwaka 1972, na wa mwanzo wa kwetu walipelekwa huko huko India. Nilitaka kumwona fundi huyo, nikaambiwa kenda kuponda kokoto, maana watu wanamlipa ufundi wakati wa mavuno tu. Waliomsomesha hakuna aliyeliwaza hilo la mavuno.

Jioni mvua ikakatika. Nimepewa chai ya mkandaa na muhogo, na nimenunua vipande vitatu vya sabuni. Sikuwa na pesa ndogo.

"Utalipa," akasema mshika fedha, akafungua ndoo.

Nami nikatia dole.

Siku ya tano, Alhamisi. Chokocho na Kisiwa Panza

Kutoka kaskazini kabisa hadi kusini kabisa, gari tatu na dau moja. Kwenye orodha uko mstari wa "ziara ya mafunzo, siku mbili, watu 18": wanawake wa Micheweni walikuja Kisiwa Panza kutazama jinsi wenzao wanavyoendesha kikundi cha kuweka na kukopa. Chakula kiliandikwa shilingi 120,000. Risiti hakuna, daftari lenyewe limeandika "wenyeji" na dole la mtu nisiyemjua.

Kisiwa Panza kina jina lake kwenye mambo ya pweza. Ndiko walikoanza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu ili pweza wakue, wakisaidiwa na watu wa shirika la Mwambao, kisha wanafungua siku moja na kijiji kizima kinashuka na michokoo. Wanaume wa madau kutoka kwengine mwanzoni waliwaibia usiku. Siku hizi kuna doria. Hadithi hii ni ndefu na sikuifuata.

Nilichofuata kimo ndani ya sanduku. La chuma, kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Utaratibu huu shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na kwetu uliingilia vijiji vya msitu wa Jozani mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukasambaa kwa miguu yake. Kila wiki wananunua hisa, wanakopeshana, na pembeni kuna mfuko wa jamii wa maradhi na misiba. Mwisho wa mwaka wanagawana chote wanaanza upya. Hakuna pesa ya mgeni ndani. Kabla ya kufunga kikao mwenyekiti akauliza, "Tumeacha ngapi?" na wote, pamoja na mmoja anayenyonyesha, wakaitaja hesabu kwa sauti moja. Benki yao imo vichwani. Sanduku ni la kuwekea noti.

Nikauliza habari ya 120,000. Kimya kidogo. Kisha bibi mmoja, mwenye ufunguo wa kati, akasema:

"Wale walikuwa wageni wetu. Tuwauzie wali?"

Walikataa pesa. Wa Micheweni nao wakakataa kurudi nayo, kwa sababu imeandikwa chakula na wamekula. Wakavutana mpaka dau likakaribia kuondoka. Mwisho ikatiwa kwenye mfuko wa jamii wa Kisiwa Panza, na tarehe imeandikwa, na kiasi kimeandikwa, na wiki mbili baadaye robo yake ikampeleka mama wa kujifungua hospitali Mkoani.

Sasa niiweke wapi? Fomu ina "chakula", ina "usafiri", ina "vifaa". Hakuna "waliona haya kupokea". Mtu wa hesabu mwenye akili angeiandika chakula akanyamaza, maana watu 18 walikula kweli siku mbili. Nimekaa nayo muda mrefu, nikaamua kuiandika kama ilivyokuwa, aya nzima, na kuambatanisha ukurasa wao.

Siku ya sita, Ijumaa. Mkoani hadi Malindi

Boti haijaondoka, nimepigiwa na yule msichana wa wakfu. Kwao ni usiku mkubwa. Nikamweleza daftari, madole, barua ya duka, 7,500 na 120,000. Kwa Kiingereza changu dole gumba lilichukua dakika nzima. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubishi. Hakubisha. Akasema daftari lenye mashahidi linatosha, mradi nimelipiga picha vizuri, na ile aya ya chakula kaipenda, ataipeleka kama ilivyo. Wanachotakiwa wao ni hesabu zilizowekwa na zinazoweza kukaguliwa, na taarifa ya kweli. Kisha akauliza, kwa adabu, kwa nini nimewafukuzia wale mama risiti ya kila kijiti.

Nikamwambia, fomu inasema hivyo: "Kila matumizi yaambatane na risiti ya duka."

"Fomu ipi?" akauliza. "Hiyo si yetu."

Hapo nikakumbuka. Si yao. Ile fomu niliitengeneza mie mwaka jana, kwa kazi nyingine kabisa, ya wauza vinyago wa mjini, nikawapa wa Micheweni kwa sababu ilikuwa tayari kwenye kompyuta. Nao wameibeba mwaka mzima wakidhani ni amri ya Marekani. Mshika fedha alishanisimulia kuwa mara mbili walinunua mafuta ya nazi mjini Chake kwa bei ya juu, wakaacha ya jirani, kwa kuwa jirani hana risiti.

Sikumwambia yule msichana. Nitawaambia wao, nikifika nyumbani, na sijui nitaanzaje.

Bahari leo nzuri. Karibu na Nungwi mtandao umerudi, ujumbe ukaingia kutoka Micheweni.

"Mwanangu umefika? Usisahau elfu sita ya sabuni."

Nikatuma hapo hapo kwa simu. Haikupita dakika akajibu.

"Nimepata. Nitumie na ule ujumbe wako wa muamala, nitie kwenye daftari."